Sehemu tatu za mia za sekunde: kwa kijana anayeanza mbio ndefu

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya tarehe 15 Septemba 2025 tulikuwa watu saba ndani ya chumba kimoja cha kupanga hapa Arusha, macho yote kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Bando tulichangishana. Marathoni ya wanaume ya mashindano ya dunia ilianza Tokyo saa moja na nusu asubuhi kwa saa za huko. Kwetu ilikuwa saa saba na nusu usiku, na kati ya vijana wangu hakuna aliyefumba jicho. Ilipokaribia saa tisa na dakika arobaini wakimbiaji wakaingia uwanjani. Amanal Petros wa Ujerumani ndiye aliyetangulia kwenye nyoosho la mwisho. Kijana mmoja wa Mbulu akashika kichwa, akasema, "Tumepigwa." Alphonce Simbu, Mtanzania mwenzetu, alikuwa anakuja, anakuja, mpaka wakaufikia mstari pamoja, Petros akajitupa mbele na kuanguka. Muda wao ulikuwa mmoja: 2:09:48. Ikabidi itazamwe picha ya mstarini. Simbu alimzidi kwa sehemu tatu za mia za sekunde, pengo dogo kuliko lile la mshindi na wa pili kwenye fainali ya mita 100 ya wanaume ya mashindano hayo hayo. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano ya dunia ya riadha yaanze mwaka 1983. Nililia, na sioni haya kusema.

Asubuhi ile ile ratiba yetu ilisema kilometa 10 za mwendo mwepesi. Vijana hawakulala, lakini walitoka kama mishale. Kilometa ya kwanza waliipiga kwa dakika 3 na sekunde 40, kila mmoja anamkata mwenzake, na yule wa Mbulu anajitupa mbele kila anapofika kwenye nguzo ya umeme kama vile kuna utepe. Niliwasimamisha kilometa ya pili. Niliwauliza: mita mia za mwisho mmeziona, zile kilometa 42 zilizotangulia mmeziona? Wakanyamaza. Walikuwa wamekesha wakitazama, lakini walichobaki nacho kichwani ni ule mwisho tu.

Ninaandika haya kwa ajili yao, na kwa ajili ya wengine wanaonitafuta kila wiki na swali moja: "Kocha, nifanyeje niwe kama Simbu?" Nilikimbia miaka kumi na mmoja bila kuvaa medali ya dunia, na huu ni mwaka wa kumi na nne nafundisha. Nilichojifunza nimekipata kwa miguu yangu mwenyewe na kwa kuwatazama waliofika. Mbio ndefu ni kazi ya kusubiri. Unasubiri ndani ya zoezi, unasubiri ndani ya mashindano, unasubiri miaka. Asiyejua kusubiri huimaliza miguu yake kabla haijakomaa, na mimi ni mmoja wao, nitafika huko.

Mtazame Simbu kwa miaka. Olimpiki ya Rio 2016 alikuwa wa tano. Januari 2017 alishinda marathoni ya Mumbai, na Agosti mwaka huo huo akapata shaba ya dunia kule London kwa 2:09:51, sekunde mbili tu nyuma ya Tamirat Tola wa Ethiopia aliyechukua fedha. Nakumbuka maneno ya vijiweni wakati ule: mwakani dhahabu hiyo. Mwakani haikuja. Olimpiki ya Tokyo, ambayo marathoni yake ilikimbiwa Sapporo mwaka 2021, akawa wa saba. Jumuiya ya Madola kule Birmingham 2022 akapata fedha, nyuma ya Victor Kiplangat wa Uganda. Olimpiki ya Paris 2024 hakuwemo kwenye kumi bora, na hapo wapo waliosema jamaa kaisha. Aprili 2025 akawa wa pili kwenye marathoni ya Boston kwa 2:05:04. Miezi mitano baadaye, Tokyo. Kutoka shaba hadi dhahabu ni miaka minane, na alipoivaa alikuwa na miaka 33.

Miaka minane, mdogo wangu. Ndani ya muda huo nimewapokea vijana wangapi waliotamba msimu mmoja, wakatajwa redioni mara mbili, wakapotea? Wengi walikuwa na pumzi. Kukaa ndiko kulikowashinda.

Na kabla ya Simbu alikuwepo Juma Ikangaa. Vijana wa leo wanamjua jina tu, na hilo linaniuma. Huyu alikuwa afisa wa Jeshi la Wananchi, mwili mdogo, na alikuwa na tabia ya kukimbilia mbele tangu mwanzo bila kumsubiri mtu. Mwaka 1982, kwenye Jumuiya ya Madola kule Brisbane, yeye na Gidamis Shahanga waliwaacha wenzao mbali kiasi kwamba watu waliamini Watanzania wawili ndio watakaogawana dhahabu na fedha. Shahanga alikuwa ameshashinda mita 10,000 siku chache kabla, na miguu ikamdai. Akabaki Ikangaa. Nyuma yake Rob de Castella wa Australia alikuwa anakula pengo kidogo kidogo, akamfikia, wakapokezana kuongoza, na mwisho de Castella akamaliza kwa 2:09:18 na Ikangaa kwa 2:09:30.

Halafu Boston. Mwaka 1988 Ikangaa na Ibrahim Hussein wa Kenya walifika mtaa wa mwisho wakiwa wawili. Hussein akachomoka kwenye mita mia za mwisho. 2:08:43 kwa 2:08:44. Sekunde moja baada ya kilometa 42 na mita 195. Mwaka uliofuata Ikangaa akarudi, akawa wa pili tena, nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Mwaka 1990 akarudi tena, na akawa wa pili kwa mara ya tatu mfululizo, safari hii nyuma ya Gelindo Bordin wa Italia.

Nikiwasimulia vijana habari hii hucheka na kusema mzee alikuwa na mkosi. Huwa nawaambia wasikilize sehemu ambayo hawaiulizi. Kati ya Boston ya pili na ya tatu, Novemba 1989, alikwenda New York akashinda kwa 2:08:01 na kuvunja rekodi ya njia ile. Rekodi hiyo ilidumu miaka 12, mpaka 2001. Mtu aliyepigwa kwa sekunde moja, akapigwa tena mwaka uliofuata, ndani ya miezi saba akakimbia mbio bora ya maisha yake. Kuna kauli inayonukuliwa kwa jina lake mpaka leo na makocha wa Ulaya na Marekani, kwamba nia ya kushinda haina thamani kwa asiye na nia ya kujiandaa. Wengi huibandika ukutani. Sasa tuzungumze hiyo nia ya kujiandaa inafananaje saa kumi na mbili asubuhi, giza bado halijatoka vizuri, na baridi ya Julai ya Arusha inauma vidole.

Inafanana na kukimbia polepole.

Hapo ndipo ninapopoteza vijana. Mgeni akija kambini anataka siku ya kwanza awaonyeshe wenyeji kwamba anaweza. Namwambia leo tunakwenda kilometa 8, mwendo wa kuongea. Mwendo wa kuongea maana yake ni huo: uweze kumsimulia mwenzako habari ya jana bila kukatiza sentensi kuvuta pumzi. Kwa anayeanza ni dakika 6 kwa kilometa, pengine na zaidi kwenye kilima. Anaona aibu. Wanawake wanaokwenda sokoni Ngaramtoni na ndizi kichwani wanamtazama, naye anaona anadharauliwa. Waliofika Iten au Kaptagat, kwenye kambi za wakimbiaji kule Kenya, wanajua kwamba hata mabingwa wa dunia huanza mazoezi yao mepesi kwa mwendo ambao mtoto wa shule anaweza kuwafuata. Wale ambao siku ya mashindano hukimbia kilometa moja kwa chini ya dakika tatu, asubuhi ya kawaida hutoka wakivuta miguu kama wazee, na huchangamka mwili wenyewe unapotaka.

Sababu yake si siri. Mapafu na moyo huzoea upesi. Ndani ya miezi michache ya mazoezi utajisikia una pumzi ya kukimbia na yeyote. Lakini mifupa na kano hazina haraka hiyo. Zinadai mwaka, miwili, mitatu. Kijana anakuwa na injini ya lori kwenye fremu ya baiskeli. Mwendo mwepesi huipa ile fremu nafasi ya kuimarika huku moyo nao ukifanya kazi yake na mishipa midogo ya damu ikiongezeka ndani ya misuli. Kwa hiyo wiki ya kijana wangu wa mwaka wa kwanza ina siku tano za kukimbia, jumla kilometa 50 hadi 60, na siku moja tu kati ya hizo ndiyo ya kukaza. Nyingine zote ni mwendo wa kuongea. Jumapili tunalala.

Ile siku ya kukaza nayo ina kusubiri ndani yake. Tukifanya mita 1,000 mara sita pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid, ninachotazama ni ya sita. Kijana aliyepiga ya kwanza kwa 2:55 na ya sita kwa 3:25 amefanya zoezi baya, hata kama aliwaacha wote mwanzoni. Aliyepiga zote 3:10, na ya mwisho 3:07, huyo namwandika kwenye daftari langu kwa wino mwekundu. Na wewe uwe na daftari lako. Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki mara mbili, anajulikana kwa kuandika kila zoezi kwa mkono, mwaka baada ya mwaka. Andika umbali, muda, ulilalaje, ulikula nini, wapi pamevuta. Siku utakapoumia daftari litakuambia ulianza kuumia lini, na mara zote ni wiki mbili tatu kabla ya siku uliyodhani.

Jumamosi ndiyo safari ndefu. Tunatoka Ngaramtoni tunaelekea Oldonyo Sambu kwa barabara ya Namanga, tunapanda. Waliokaa mbele kilometa 10 za kwanza kwa ubishi nawaokota na pikipiki wakirudi. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na akiba hiyo haitoshi kilometa 42 kwa anayekimbia ovyo mwanzoni. Kilometa ya 30 hadi ya 35 gari linaishiwa mafuta. Miguu inakuwa ya mtu mwingine. Njia ya Boston inawaadhibu wengi kwa namna hii: inaanza kwa mteremko mrefu unaomshawishi mtu kuachia mbio, kisha vilima vya Newton vinamngoja kuanzia kilometa ya 26 mpaka ya 33, mapaja yameshapondwa na mteremko. Kujiandaa kwa njia kama ile ni kupanda kilima ukiwa umeshachoka. Kilima cha mwanzo wa zoezi kila mtu anakiweza.

Sasa habari yangu.

Mwaka wa sita wa kukimbia kwangu nilikuwa na nusu marathoni ya saa 1 na dakika 3, na watu walianza kunijua. Ada ya wadogo zangu ilikuwa juu yangu. Ndani ya wiki saba nilikimbia nusu marathoni tatu na marathoni moja. Kila nikimaliza najiambia hii ya mwisho, halafu nasikia kuna mbio mkoa wa jirani, wa tatu anapata Sh 200,000, nauli ni Sh 12,000. Nilipiga hesabu ya pesa. Ya mguu sikuipiga. Ukano wa kisigino cha kushoto ulianza kukaza asubuhi. Nilikuwa nashuka kitandani kwa kushika ukuta, natembea hatua ishirini za kuchechemea, kisha unalegea, nami nasema umepona. Ikafika mahali haulegei. Kabla ya mbio ya nne mtu mmoja akanipa dawa ya kutuliza maumivu, na kweli nilianza bila kuhisi kitu. Kilometa ya 17 nilisikia mlio, kama kijiti kikavu kinavunjwa nyuma yangu. Niligeuka kutazama nani amekanyaga nini. Ulikuwa mguu wangu.

Miezi kumi na minne sikukimbia. Nilirudi nyumbani. Mama yangu hakuniuliza kitu, alinipa jembe, tukapalilia maharage. Niliporudi kwenye mbio nilikimbia miaka mingine minne, lakini muda ule wa saa 1 na dakika 3 sikuuona tena. Pesa zote nilizopata kwenye zile wiki saba hazikufika Sh 600,000.

Kwa hiyo ukiniuliza ukimbie mashindano mangapi kwa mwaka, jibu langu ni kali kuliko la makocha wengine. Marathoni mbili kwa mwaka, basi, hata ukiwa umekomaa. Hao unaowaona kwenye televisheni ndivyo wanavyofanya: moja miezi ya Machi na Aprili, nyingine Septemba mpaka Desemba. Kati yake ni kujenga.

Najua jibu utakalonipa, kwa sababu nami nilikuwa nalo: kusubiri kunataka chakula. Ni kweli. Ndiyo maana nasema tafuta kwanza kitu cha kukushika. Ikangaa alikuwa mwanajeshi, Simbu ni mwanajeshi. Kenya nako Paul Tergat alikuwa jeshi la anga, Catherine Ndereba alikuwa magereza. Mshahara wa kila mwezi ndio uliowapa uhuru wa kuzikataa mbio ndogo na kuisubiri kubwa. Ukipata nafasi JKT, polisi, magereza au jeshini kwa sababu ya miguu yako, usione umechelewa kwenda Ulaya. Ukikosa, fanya kazi ya nusu siku. Nina kijana fundi cherehani na mwingine anauza maziwa, na wote wawili wanaendelea vizuri kuliko wale wanaokaa kambini wakisubiri mbio za Jumapili ziwalishe.

Jambo jingine linanitia uchungu kila mwezi. Kijana anakuja goti limevimba, namwambia pumzika, ananijibu kwa jina la John Stephen Akhwari. Habari yake kila mtoto wa Tanzania ameisikia: Mexico City, Oktoba 1968, alianguka, goti likaumia, akafungwa bandeji na kuendelea, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde kushinda, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alisema nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio, ilimtuma azimalize. Namheshimu mzee yule kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini ile ilikuwa Olimpiki, siku moja, jina la nchi kifuani. Wewe uko kwenye zoezi la Jumanne. Na wanaomtaja hivyo husahau kwamba Akhwari alikuwa mkimbiaji hodari kweli kweli. Miaka miwili baadaye, Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alikuwa wa tano kwenye marathoni kwa dakika 15 juu ya saa mbili. Asingefika Edinburgh kama angekuwa anakimbia na goti bovu kila wiki. Kanuni yangu ni nyepesi: maumivu yanayokubadilisha unavyokanyaga ni ya kusimama papo hapo. Yale ya misuli kuchoka miguu yote miwili, endelea.

Kwa mabinti nina neno la pekee, na naliandika nikiwa na deni. Miaka michache iliyopita nilikuwa na binti mwenye kipaji ambaye alianza kulalamika mfupa wa mbele wa mguu. Nilidhani anategea. Nilimwambia akaze. Kumbe mfupa ulikuwa na ufa, na hospitali ilipomuuliza, alikuwa hajaona siku zake kwa miezi saba. Hakuniambia kwa sababu mimi ni mwanamume na sikuwahi kuuliza. Alikuwa anakula kidogo kwa kudhani wepesi ndiyo kasi. Binti yangu, siku zako zikikatika miezi miwili mitatu na huna ujauzito, mwili unakuambia chakula hakitoshi kazi unayoupa, na mifupa ndiyo inayolipa. Mwambie mtu, nenda kwa daktari, ongeza chakula, punguza kilometa. Magdalena Shauri alipokuwa wa tatu Berlin mwaka 2023 kwa 2:18:41, mwili uliobeba kasi ile kilometa 42 ulikuwa umelishwa. Ugali, maharage, maziwa, mboga za majani, nyama ya wiki, dagaa, uji baada ya zoezi kabla hata ya kuoga. Hakuna unga wa kopo unaouzidi huo mlo. Siku hizi kwenye kundi langu kuna mama mmoja, mwalimu wa michezo, ambaye mabinti wanamweleza yasiyonihusu, naye ananiambia tu: huyu apumzike. Simuulizi zaidi.

Hayo makopo nayo yazungumzwe. Siku ukianza kukimbia vizuri utaletewa vidonge, poda, sindano za "vitamini". Kwenye riadha sheria haiulizi nani alikupa. Kilichokutwa mwilini ni chako, na adhabu yake ni miaka. Ukienda duka la dawa kwa mafua, sema kwanza kwamba wewe ni mwanariadha, na jina la dawa liulizwe kabla hujameza. Ukiingia kwenye orodha ya wanaopimwa nje ya mashindano, utatakiwa kutaja kila siku utalala wapi na saa moja ambayo watakukuta mahali fulani bila kukosa. Ukikosekana au kukosea taarifa mara tatu ndani ya miezi 12, unahesabiwa umevunja sheria hata kama hujawahi kugusa dawa. Kwa hiyo ukienda kijijini msibani, badilisha taarifa kabla hujapanda basi.

Mkataba: usitie saini siku uliyopewa. Meneja kwa kawaida huchukua asilimia 15 ya zawadi na malipo ya mwaliko. Anayetaka zaidi akueleze kwa nini, kwa maandishi. Pesa ya zawadi haiji kesho yake, husubiri majibu ya vipimo, na ukishinda Marekani hukatwa kodi ya asilimia 30 kabla haijakufikia, hivyo usijenge nyumba kichwani kwa tarakimu uliyoisoma kwenye tangazo. Pasipoti yako ikae kwako. Mimi kuna mtu alinishikia ya kwangu miezi mitatu, na mbio mbili zilinipita.

Swali la mwisho ndilo linaloulizwa kuliko yote: marathoni ya kwanza nikimbie lini? Juzi alinijia yule yule wa Mbulu, ana miaka 19, amepata mwaliko wa marathoni ya Novemba, nauli na malazi wanalipa. Nikamwambia hapana. Akanuna siku nne. Siku ya tano nilimkalisha tukaandika pamoja: misimu miwili ya mbio za nyika na mita 10,000 uwanjani, kisha mwaka mmoja wa nusu marathoni, kisha ndiyo tuzungumze 42. Akaniuliza atakuwa na miaka mingapi. Nikamwambia 22, pengine 23. Akasema hiyo ni mbali sana, kocha. Nikamsimulia Tergat: bingwa wa dunia wa nyika mara tano mfululizo, 1995 mpaka 1999, mtu aliyekosa dhahabu ya Olimpiki ya mita 10,000 kule Sydney kwa sehemu tisa za mia za sekunde mbele ya Haile Gebrselassie. Marathoni yake ya kwanza aliikimbia London mwaka 2001, akiwa na miaka 31. Ya kwanza kushinda ilikuwa Berlin 2003, na siku hiyo alivunja rekodi ya dunia kwa 2:04:55, sekunde moja mbele ya Sammy Korir.

Kijana akahesabu kwa vidole kutoka 19 mpaka 31. Akakaza kamba za raba zake, akalifuata kundi la mwendo mwepesi ambalo lilikuwa limeshatangulia kuelekea Oldonyo Sambu. Nilimtazama mpaka kona. Hakukimbia kulifikia, alilikaribia taratibu, na walipofika kwenye kile kilima cha kwanza alikuwa ameshaingia katikati yao anasimulia.